Mistari miwili ya mpaka mmoja: uchambuzi wa kisa cha ndege ndogo kaskazini mwa Mwanza

Kuhusu kisa hiki

Nilikuwa mmoja wa watu watatu waliokaa na marubani wa ndege hii kuwauliza nini kilitokea. Majina, usajili wa ndege, mwaka na jina la kampuni vimeondolewa, na baadhi ya umbali na saa vimesogezwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Vipimo vya anga la Mwanza sijaviandika kwa makusudi. Mipaka ya anga hurekebishwa, na kisa chenyewe kinamhusu mtu aliyeamini vipimo vilivyokwisha muda wake. Anayevihitaji avichukue kwenye AIP, kitabu rasmi cha taarifa za anga la nchi, inayotumika siku anayoruka.

Hakuna aliyeumia. Ndege ndogo iliingia kwenye anga linalodhibitiwa bila kibali na kukaa humo takriban dakika nne, wakati ndege ya abiria inashuka kuelekea Mwanza. Rubani alikuwa akiutazama mpaka kwenye skrini muda wote huo, na kwa mujibu wa skrini aliyoitazama hakuuvuka hata mara moja. Ndiyo sababu nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kirefu. Mtu mzembe asiyetazama mpaka tunajua la kumwambia. Huyu alikuwa makini.

Mazingira

Safari ilianza kwenye kiwanja kimoja cha Serengeti kwenda kiwanja cha kisiwani upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, takriban maili 180 za baharini. Ukichora mstari ulionyooka kati ya viwanja hivyo viwili, unapita karibu juu kabisa ya uwanja wa ndege wa Mwanza. Kwa hiyo rubani wa njia hii ana chaguo mbili: kuomba kibali na kukatiza katikati, au kuzunguka kaskazini kwa kupitia Ghuba ya Speke na kisiwa cha Ukerewe. Kuzunguka huongeza maili zisizofika kumi. Marubani wengi wa kampuni walikuwa wamezoea kuzunguka.

Ndege ilikuwa ya injini moja, na hapo ndipo ziwa linapoanza kuwa na maana nyingine. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban futi 3,720 juu ya usawa wa bahari. Ukiruka futi 8,500, chini yako kuna futi zipatazo 4,800 tu, na ndege ya aina hii injini ikizima huteleza kama maili saba upepo ukiwa shwari. Rubani mwenye akili hupanga njia yake ili daima awe na nchi kavu ndani ya maili hizo saba. Mpango wa siku hiyo ulikuwa kupita juu ya pwani ya kusini ya Ukerewe, karibu na Nansio.

Ndani ya ndege kulikuwa na vifaa viwili vya GPS. Cha kwanza kilifungwa kwenye dashibodi, skrini yake ndogo, rangi zake zimefifia kwa jua la miaka. Hifadhidata yake ilisasishwa kila mzunguko wa AIRAC, ratiba ya kimataifa ya kutoa taarifa mpya za anga, yaani kila siku 28, kwa sababu ndege iliruhusiwa kuruka kwa vyombo, bila kutegemea kuona nje, na ukaguzi uliitaka iwe hai. Cha pili kilikuwa cha mkononi, kimebanwa juu ya usukani, skrini kubwa yenye rangi kali, ramani ya ziwa imejaa buluu. Hicho hakikutakiwa na sheria yoyote, hivyo hakikuwa kwenye orodha ya ukaguzi wa mtu yeyote. Hifadhidata yake ilikuwa imepitwa na wakati kwa miezi 14.

Kapteni alikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa ukanda wa ziwa. Pembeni yake alikaa rubani kijana aliyekuwa akikusanya saa za kuruka. Nitamwita Kijana, kama walivyokuwa wakimwita wenzake.

Mfululizo wa matukio

Waliruka saa tisa na dakika tano alasiri, safari ya nne kwa siku hiyo. Kabla ya hapo, kifaa cha mkononi kilipowashwa kilionyesha ujumbe kwamba data zimekwisha muda, bonyeza kukubali. Kijana anakumbuka kidole gumba cha Kapteni kikibonyeza kitufe kabla maandishi hayajamaliza kutokea. Hakulaumu. Alisema na yeye mwenyewe amekibonyeza hivyohivyo mara nyingi.

Mnamo saa tisa na dakika thelathini na tano waliiacha nchi kavu karibu na mdomo wa Mto Mbalageti na kuingia Ghuba ya Speke wakiwa futi 8,500. Redio ilikuwa kwenye masafa yanayotumiwa na viwanja visivyo na mnara. Altimita, yaani kipima kimo cha ndege, ilikuwa imewekwa kwa mgandamizo wa hewa wa Mwanza walioupata asubuhi.

Alasiri mawingu ya ukanda ule hujijenga juu ya nchi kavu na visiwa wakati maji yenyewe yakibaki wazi. Siku hiyo Ukerewe ilikuwa imevaa wingu zito, chini jeusi, kichwa kimepita mbali urefu wao. Kapteni akaamua kupita kusini ya kisiwa, katikati ya ghuba. Huko alikuwa na nchi kavu pande zote mbili ndani ya uwezo wa kuteleza, na kwenye skrini ya usukani mstari wa anga la Mwanza ulikuwa kushoto kwake, maili tatu mbali. Alipanga kuufuata mstari huo sambamba, asiukaribie chini ya maili moja.

Saa tisa na dakika hamsini na nne Kijana aliona kitu. Kwenye skrini ndogo ya dashibodi alama ya ndege yao ilikuwa karibu kabisa na mstari, na mstari wenyewe ulikuwa na umbo tofauti na ule wa usukani. Akasema, "Kapteni, mstari wa hapa na wa pale haulingani." Kapteni akatazama, akajibu, "Hako kadogo kamevutwa mbali, ukubwa wa ramani haufanani. Angalia huku, huku panaonekana." Kijana akanyamaza. Lakini alitoa simu akapiga picha ya skrini zote mbili ili akaulize wakishatua.

Picha hiyo ndiyo iliyotufundisha zaidi ya maelezo yote. Inaonyesha skrini ya usukani ikiwa na nafasi pana ya buluu kati ya ndege na mpaka. Inaonyesha skrini ya dashibodi, ndege ikigusa mpaka, na taa ya ujumbe imewaka pembeni. Ujumbe ule haukufunguliwa. Tulipokirudia kifaa baadaye kwenye hali ileile, ujumbe uliokuwa ukisubiri nyuma ya taa ulikuwa wa kuonya kwamba anga linalodhibitiwa liko karibu na liko mbele. Na inaonyesha kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekitazama siku ile: altimita inasoma futi 8,500, kifaa cha usukani kinasoma 8,810.

Dakika tatu baadaye, wakikwepa kipande cha wingu kilichoning'inia kutoka Ukerewe, waligeuka kushoto nyuzi kama 15. Wakavuka.

Mwanza ni moja ya vituo vinne vya rada ya usafiri wa anga nchini. Mwongoza ndege aliiona ndege isiyozungumza naye, transponda yake (kifaa kinachojibu rada) ikitoa urefu wake, ikiwa ndani ya eneo lake. Aliita mara mbili bila jibu. Akaisimamisha ndege ya abiria kwenye urefu iliokuwa nao, isiendelee kushuka. Rubani wa ndege nyingine ndogo, aliyekuwa akisikiliza masafa ya Mwanza, alielewa kinachoendelea, akahamia masafa ya viwanja vidogo na kumwita Kapteni kwa usajili wake: Mwanza wanakutafuta. Saa kumi na dakika moja Kapteni alikuwa ameshawasiliana na Mwanza, akaelekezwa kugeuka kulia, akatoka.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kupita kusini ya wingu ulikuwa sahihi, na tuliuandika hivyo kwenye taarifa. Kuingia kwenye wingu lile au kwenda kaskazini juu ya maji mapana na injini moja kungekuwa vibaya zaidi.

Tulipomuuliza kwa nini hakuita Mwanza mara mawingu yalipobadilisha mpango wake, Kapteni alijibu bila kujificha. Aliona haingii, kwa hiyo hakuona sababu ya kuwasumbua. Pia alihofu kuambiwa asubiri nje ya mpaka huku mawingu yanakua nyuma yake na njia ya kurudi inafunga. Nadhani hofu hii wanayo marubani wengi wa ndege ndogo, na haisemwi darasani. Skrini yenye mstari inampa rubani njia ya kuikwepa hofu hiyo: nitapita pembezoni, hakuna atakayenijua.

Uamuzi uliotuchukua muda mrefu zaidi ni ule wa sekunde tano, alipoambiwa mistari hailingani. Kapteni alichagua skrini kubwa. Sababu aliyotoa, kwamba ukubwa wa ramani haufanani, si ya kijinga. Ramani iliyovutwa mbali kweli huleta udanganyifu wa macho. Ila skrini ya dashibodi ilikuwa inaonyesha umbo jingine kabisa, na kubadilisha ukubwa wa ramani hakubadilishi umbo la mpaka. Alipoionyeshwa picha ofisini aliliona hilo papo hapo. Aliishika simu ya Kijana kwa mikono miwili, akakaa kimya, kisha akasema, "Aliniambia."

Matokeo

Umbali wa usalama kati ya ndege hizo mbili haukuvunjika. Ndege ya abiria ilichelewa dakika chache. Kapteni aliandika taarifa ya tukio jioni ileile kabla hajaombwa, na kampuni haikumwadhibu. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote, kwa sababu bila hivyo ile picha ya simu isingefika mezani kwetu.

Uchambuzi

Watu hufikiri GPS ikikosea, inakosea mahali ndege ilipo. Hapa haikukosea hata kidogo. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuzipotosha kwa makusudi ishara za satelaiti zake kwa watumiaji wa kiraia, kifaa cha kawaida kinajua kilipo kwa kukosea mita chache tu. Vifaa vyote viwili vilikubaliana mahali ndege ilipo. Vilitofautiana kuhusu mpaka ulipo. Mpaka hautoki angani kwa satelaiti. Unatoka kwenye kadi ya kumbukumbu iliyojazwa na mtu, tarehe fulani. Usahihi wa kwanza huyafanya macho yaamini kwamba na wa pili ni sahihi vilevile, maana vyote vimechorwa kwenye skrini moja kwa wino mmoja.

Sehemu ya mpaka iliyowakamata ilikuwa imerekebishwa ndani ya ile miezi 14. Kila kifaa cha aina hii kinasema kwenye mwongozo wake kwamba hakipaswi kuwa chanzo pekee cha kujua mipaka. Kapteni aliyajua maneno hayo. Lakini kwa miaka mingi mstari ulikuwa sahihi kila siku, na mazoea hujenga imani.

Jambo la pili ni jinsi maonyo ya anga yanavyofanya kazi. Kifaa cha dashibodi hutabiri kwa kuunyoosha mwelekeo wa sasa wa ndege. Ukielekea mpakani na zimebaki chini ya dakika kumi, kinaonya. Ukiwa ndani ya maili mbili kinaonya kwa namna nyingine, kulingana na kama unauelekea au unapita kando. Ukikwepa mawingu, kila kugeuka kidogo kunawasha onyo na kugeuka kinyume kunalizima. Baada ya nusu saa ya hivyo, taa ya ujumbe inakuwa kama kelele za stendi ya daladala: ipo, lakini huisikii. Na ukiruka sambamba na mpaka, kifaa hakiwezi kujua kwamba wingu lililo mbele litakulazimisha kugeuka. Kwa mwendo wa noti 130, yaani maili 130 za baharini kwa saa, maili mbili huisha kwa sekunde 55. Maili moja aliyojiwekea Kapteni ilikuwa na thamani ya nusu dakika tu.

Sasa zile futi 310. Hazikusababisha tukio hili, lakini nisingelala vizuri bila kuzieleza, kwa sababu kisa kijacho kinaweza kuwa chao. Mipaka ya juu na ya chini ya anga hupimwa kwa altimita, yaani kwa mgandamizo wa hewa. GPS hupima kimo kwa jiometria ya satelaiti. Altimita hudhani hewa ina joto la kiwango, na kwenye futi 8,500 kiwango hicho ni kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Kipimajoto kwenye picha kinasoma nyuzi 14. Hewa ya joto hutanuka, na ndege huwa juu kuliko altimita inavyosema, kwa asilimia kama 4 ya kimo kutoka kituo cha kipimo kwa kila nyuzi 10 za ziada. Uwanja wa Mwanza uko takriban futi 3,760. Zilizobaki hadi 8,500 ni 4,740. Joto la ziada nyuzi 16. Jibu ni kama futi 300. Kanda yetu iko hivi karibu kila siku. Kifaa cha mkononi kisichounganishwa na altimita kinaweza kukuambia uko juu ya sakafu ya anga, yaani mpaka wake wa chini, wakati kwa kipimo cha sheria uko chini yake, au kinyume chake kwenye dari. Vimo vya mipaka visomwe kwenye altimita pekee.

Tulikuta pia kwamba alama moja ya kugeukia, iliyokuwa imehifadhiwa kwenye kifaa cha usukani, ilinakiliwa kutoka ramani ya zamani ya ardhi. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa latitudo na longitudo uitwao Arc 1960, wakati usafiri wa anga wa dunia unatumia WGS-84 kama kiwango tangu 1998. Ukihamisha namba bila kuzibadilisha, alama inasogea takriban mita 300, hasa kaskazini-kusini. Hapa ilisogea kaskazini, mbali na mpaka. Ilikuwa bahati.

Kilichofanya kazi ni watu. Kijana aliona, akasema. Mwongoza ndege hakungoja ajue ni nani ndipo aisimamishe ndege kubwa. Rubani wa tatu alifikiria masafa gani mwenzake atakuwa anasikiliza, jambo ambalo hakuna kifaa kingelifikiri.

Kilichobadilishwa

Kampuni iliingiza vifaa vya mkononi kwenye orodha ya ukaguzi wa asubuhi. Hifadhidata ikiwa imekwisha muda, tabaka la mipaka ya anga linazimwa kabisa kabla ya kupaa. Baadhi walipinga, wakisema mstari wa zamani ni afadhali kuliko kutokuwa nao. Mimi nasimama upande wa pili. Skrini tupu inamfanya rubani aulize. Mstari wa zamani unamjibu.

Njia ya pili ya kuujua mpaka kwa GPS, ambayo naiamini zaidi ya michoro, ni umbali na mwelekeo. Unasoma maelezo ya anga kwenye AIP, unaangalia duara limepimwa kutoka nukta gani, unaiweka nukta hiyo kwenye kifaa, na unaruka ukisoma maili kutoka hapo. Ni muhimu nukta iwe ileile: baadhi ya maduara hupimwa kutoka nukta ya rejea ya uwanja, mengine kutoka kituo cha redio kilicho pembeni, na kifaa kitakupa ile ya uwanja usipokiambia vingine. Namba hizo zikaandikwa kwenye kadi ya karatasi kwa kila njia. Miezi kadhaa baadaye tulikuta kadi moja iliyowekwa nailoni, safi, inang'aa, yenye tarehe ya mwaka uliopita. Kadi za nailoni zikapigwa marufuku. Sasa zinaandikwa kwa kalamu ya risasi.

Na kila ndege inayotoka Serengeti kwenda magharibi huita Mwanza dakika kumi kabla ya sehemu ya mpaka iliyo karibu zaidi, hata kama mpango ni kupita nje.

Mwongoza ndege aliyekuwa kazini siku ile alizungumza na Kapteni kwa simu juma lile. Alimwamkia, akamuuliza kama njia yake ni ileile ya kila siku, kisha akasema, "Kapteni, ungeniita ukiwa unaingia Ghuba ya Speke ningekupitisha juu ya uwanja. Ndege zinazoshuka nazipanga pembeni, juu ya uwanja pako wazi." Siku tisa baadaye Kapteni aliita akiwa juu ya Mbalageti. Kibali kilikuja kabla hajamaliza kuandika namba ya transponda. Alipita juu ya njia ya kurukia ya Mwanza kwenye futi 8,500, nchi kavu chini yake karibu njia nzima, Kijana akiwa ndiye aliyeshika redio.